Stakabadhi ya Sauti: Neno Kabla ya Onesho la Msondo na Sikinde

Kila inapokaribia Sikukuu ya Idi, Krismasi au mwisho wa mwaka, bango la aina moja hurejea: Msondo Ngoma na Mlimani Park Orchestra "Sikinde", jukwaa moja, usiku mmoja, watani wa jadi. Maneno ya bango hilo hayabadiliki sana. Wakongwe. Magwiji. Zilipendwa. Njoo tukumbuke enzi. Watu wa rika langu hulituma kwa wenzao kupitia simu, wazee hulijibu kwa kutaja majina ya nyimbo, na vijana hulipita wakidhani ni mambo ya baba zao.

Bango hilo hutufikia hata sisi tulio hapa Mitwero, Lindi, takriban kilomita 450 kutoka kumbi za Dar es Salaam, na hutufikia kama tangazo la jambo ambalo wengi wetu hatutalihudhuria. Kinachonisumbua ni neno "kukumbuka". Hukumbukwa aliyeondoka. Watakaopanda jukwaani usiku huo hawajaondoka: wanafanya mazoezi, wananunua nyuzi za gitaa, wanalipa kodi ya nyumba na kutafuta ada za watoto. Hoja ya makala haya ni moja. Onesho la bendi kongwe ni siku ya kazi ya watu ambao taifa lina deni kwao. Deni hilo linaweza kuhesabiwa, na sehemu yake inakaribia kufutwa na kalenda wakati sisi tukiendelea "kukumbuka".

Bendi ya wafanyakazi isiyo na mwajiri

Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliunganishwa kwa sheria vikawa chama kimoja, NUTA. Mwaka huohuo chama kikawa na bendi yake, NUTA Jazz. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA mwaka 1977, bendi ikaitwa JUWATA Jazz. Kilipokuwa OTTU mwaka 1991, ikaitwa OTTU Jazz. Anayetaka kujifunza historia ya vyama vya wafanyakazi nchini anaweza kuanza kwa kuyasoma majina ya bendi hii. Leo herufi zote za chama zimeanguka. Limebaki Msondo, jina la mtindo, lililochukuliwa katika ngoma za unyago za pwani. Chama kiliiacha, ngoma ikabaki nayo.

Msondo haikuwa peke yake. Jeshi la Polisi lilikuwa na Polisi Jazz na mtindo wake wa Vangavanga. JKT ilikuwa na Kimulimuli. Vijana wa chama tawala walikuwa na Vijana Jazz. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz iliyoongozwa na Juma Mrisho, "Ngulimba wa Ngulimba". Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Kiwanda cha kukata almasi cha Iringa kilikuwa na Tancut Almasi. Mlimani Park yenyewe ilianza mwaka 1978, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mfumo ulikuwa mmoja: taasisi ya umma ilinunua vyombo, ikatoa gari, ikalipa mshahara wa mwezi, na bendi ikabeba jina la taasisi hiyo kila ilikokwenda.

Mfumo huo ulikuwa na msingi wa kisiasa. Mwalimu Nyerere alipohutubia kwa mara ya kwanza kama Rais, Desemba 1962, alitangaza kuundwa kwa wizara itakayoshughulikia utamaduni wa taifa, na akaonesha masikitiko yake kwamba shule za kikoloni zilitufundisha ngoma za wengine na kutuaibisha kwa ngoma zetu. Bendi za mashirika zilikuwa sehemu ya jibu la masikitiko hayo. Tunaweza kubishana kuhusu mipaka ya uhuru wao wa kutunga, maana mashairi yalipitiwa kabla ya kurekodiwa na nyimbo za kusifu sera zilihitajika. Lakini kuhusu jambo moja hakuna ubishi: mpiga tarumbeta alikuwa mfanyakazi mwenye mwajiri.

Kisha yakaja mageuzi ya miaka ya 1980 na 1990. Mashirika yalibinafsishwa, yaliunganishwa au yalifungwa. Katika hesabu ya mali za shirika, kiwanda kina mashine, ofisi ina jengo, ghala lina bidhaa. Bendi ina watu, na watu hawaandikwi katika orodha ya mali. Kwa hiyo bendi nyingi zilikufa kimya pamoja na waajiri wao, na chache zilizobaki zilijigeuza kuwa vikundi vya kujitegemea vyenye vyombo vilivyochakaa na jina lenye heshima. Leo katika baa nyingi utaratibu ni huu: bendi inachukua mlangoni, mwenye baa anachukua kaunta. Mahali ambapo hakuna kiingilio, bendi hupewa kiasi walichopatana na mwenye baa, ambacho wanamuziki kumi na watano au ishirini hugawana alfajiri.

Tutafakari jambo hili kwa utulivu. Bendi iliyozaliwa na chama cha wafanyakazi, iliyowaimbia wafanyakazi kwa zaidi ya miongo mitatu, leo inaundwa na wafanyakazi wasio na mkataba, wasio na likizo na wasio na pensheni.

Kusini hatukuwa watazamaji tu

Msomaji wa Lindi anaweza kuuliza kwamba mambo ya kumbi za Dar es Salaam yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana. Kabla ya bendi za mashirika, muziki wa dansi wa Dar es Salaam ulijengwa na watu waliohamia mjini na kukusanyika kwa asili zao. Watu wa magharibi walikuwa na Western Jazz, watu wa Rufiji walikuwa na Rufiji Jazz, watu wa Ulanga walikuwa na Ulanga Jazz, na watu wa pwani yetu walikuwa na Kilwa Jazz, ya Ahmed Kipande, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuwa miongoni mwa bendi zilizotikisa mji katika muongo wa kwanza wa Uhuru. Kassim Mapili, aliyeiongoza Polisi Jazz na baadaye kuwa mwenyekiti wa chama cha muziki wa dansi, CHAMUDATA, alikuwa mzaliwa wa Nachingwea. Kwa hiyo anayesema dansi ni muziki wa Dar es Salaam anasema nusu ya ukweli. Dar es Salaam ulikuwa ukumbi. Wapigaji walitoka nchi nzima.

Nao walirudi. Bendi zilifuata misimu: zilikwenda kwenye pamba wakati wa pamba na zilikuja kwetu wakati wa korosho, mkulima akiwa na fedha mkononi. Safari ya kuja kusini haikuwa rahisi. Lori lililobeba spika, ngoma na jenereta lilipaswa kusubiri kivuko cha Rufiji, na mvua zikizidi, njia ilifungwa kwa majuma. Hata hivyo walikuja, kwa sababu lori lilikuwa la shirika na mshahara wa mwezi haukutegemea mapato ya usiku mmoja.

Hapo ndipo penye kinaya cha historia yetu. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Lami ya kipande korofi cha Ndundu hadi Somanga ilikamilika katika muongo uliofuata. Ukiacha majanga kama mafuriko ya Mei 2024, yaliyoikata barabara hiyo katika maeneo kadhaa, leo basi linatoka Dar es Salaam asubuhi na kuingia Lindi siku hiyohiyo. Lakini wakati barabara ilipokuwa tayari kwa msafara, msafara wenyewe haukuwa na mwenye kuulipia. Tulipokosa njia tulikuwa na bendi. Tulipopata njia tukakosa utaratibu wa kuzileta. Maendeleo ya vitu yasipoandamana na maendeleo ya taasisi, barabara hubaki ya kupitishia mizigo tu.

Gunia lina stakabadhi, sauti haina

Sasa niingie katika deni lenyewe, na nitalieleza kwa mfano ambao kila mtu wa mkoa huu anaufahamu. Mkulima wa korosho au wa ufuta anapopeleka gunia lake katika chama cha msingi, mzigo hupimwa, daraja huandikwa, na yeye hupewa stakabadhi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza katika korosho mwaka 2007, una kasoro zake, na tumezijadili mara nyingi: malipo huchelewa, makato huwa mengi, bei hubishaniwa. Lakini hata mlalamikaji mkubwa anakubali jambo moja. Karatasi ile inasema nani ameleta nini, kiasi gani na lini. Bila karatasi hiyo, mkulima hana hata pa kuanzia kulalamika.

Wanamuziki wa dansi nao walipeleka mazao yao ghalani. Ghala lilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, na njia hiyo nayo ilibanwa sana mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977. Kwa hiyo studio ya redio ya taifa ilikuwa kwa bendi nyingi mahali pekee pa kuhifadhia kazi zao. Bendi iliingia, ikapiga wimbo kwa mkupuo mmoja, waimbaji na wapigaji wakiwa pamoja, mtu mmoja akikosea wote wanarudia. Utepe ukawekwa rafuni. Bendi ikarudi ukumbini.

Nyimbo hizo zilirushwa kwa miaka arobaini na zaidi. Tuliamshwa nazo, tulipikiwa nazo, tulisomea nazo kwa mwanga wa kandili. Katika miaka ya 1990 kampuni za Ulaya na Marekani zilitoa CD za Mlimani Park, na leo rekodi hizohizo zimejaa katika intaneti, zikipandishwa na mtu yeyote, na matangazo ya biashara yakitangulia. Nani alipiga solo? Nani alipuliza saksafoni? Nani aliitikia? Mara nyingi jina linaloandikwa ni la bendi, au la mtunzi, au la mwimbaji mkuu. Waliobaki ni "na wenzake". Gunia la korosho la kilo themanini limeandikwa vizuri zaidi kuliko wimbo uliolea kizazi kizima.

Sikatai kwamba wanamuziki wale walilipwa mshahara. Walilipwa kwa kupiga. Lakini mshahara wa usiku mmoja wa mwaka 1980 hauwezi kuwa malipo ya kila siku ambayo sauti ile imetumika tangu hapo. Anayekodi trekta hulipwa kwa ekari alizolima. Hatudai kwamba, kwa kuwa alilipwa ekari ya kwanza, basi trekta lake litulimie daima.

Bendi mbili za mwaka 1978

Ili tuone kwamba jambo hili si la kuletwa na umri wala na bahati, tulinganishe. Mwaka 1978, Sikinde ilipoanzishwa Dar es Salaam, vijana wa mji wa Crawley, kusini mwa London, waliokuwa na bendi iitwayo The Cure, walitoa santuri yao ya kwanza. Walikuwa sehemu ya wimbi lililokuja baada ya fujo za muziki wa panki: muziki wenye huzuni zaidi, wenye gitaa la mbali na besi iliyo mbele. Hawakuwa watoto wa matajiri wala hawakuwa maarufu kuliko Sikinde ilivyokuwa Afrika Mashariki wakati huo. Bendi zote mbili zingali hai. Zote mbili zikitangaza onesho, watu wazima hununua tiketi pamoja na watoto wao.

Tofauti iko katika mamlaka waliyo nayo juu ya kazi yao. Mwaka 2023 The Cure walipotangaza ziara ya Marekani, waliweka bei ya chini ya tiketi kuwa dola 20 ili mashabiki wa kawaida waweze kuingia. Mashabiki wakaonesha kwamba ada za kampuni ya kuuza tiketi, Ticketmaster, zilizidi bei ya tiketi yenyewe. Kiongozi wa bendi, Robert Smith, alilalamika hadharani, na kampuni ikakubali kurudisha dola 10 kwa baadhi ya wanunuzi na dola 5 kwa wengine. Ni fedha kidogo. Lakini fundisho lake ni kubwa: mwanamuziki mkongwe alizungumza kuhusu mlango wa onesho lake, na kampuni kubwa ikasikiliza, kwa sababu ilijulikana kisheria kazi ni ya nani.

Tofauti ya pili ni ya kalenda. Chini ya Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini haki za mpigaji na za rekodi, yaani za huyu wa tarumbeta, wa besi, wa ngoma na muitikiaji, huhesabiwa miaka 50 tu tangu kurekodiwa. Ulaya nayo ilikuwa na miaka 50. Wanamuziki wazee walipoona kwamba rekodi za ujana wao zinatoka mikononi mwao wangali hai, walidai mabadiliko, na mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ulirefusha muda huo hadi miaka 70.

Sasa fanya hesabu. Santuri ya The Cure ya mwaka 1978 italindwa hadi mwisho wa mwaka 2048. Wimbo uliorekodiwa Dar es Salaam mwaka huohuo utafikia kikomo cha ulinzi wa mpigaji mwisho wa mwaka 2028. Rekodi za NUTA Jazz za miaka ya 1960 zimekwishavuka mstari. Katika miaka michache ijayo, utepe mmoja baada ya mwingine wa kipindi ambacho sisi wenyewe tunakiita cha dhahabu utatoka katika ulinzi huo, na yeyote ataweza kuutumia bila kuwauliza waliopiga. Hilo ndilo nililolikusudia niliposema deni litafutwa na kalenda.

Kutunzwa na kulipwa

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nasi tunalitimiza neno hilo kwa mikono yetu: shabiki hupanda jukwaani na kubandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji. Ni desturi nzuri. Lakini tuzo ni hiari ya mtoaji, na ujira ni haki ya mpokeaji. Taifa linalochanganya mambo hayo mawili hujiona karimu huku likidaiwa.

Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa NUTA Jazz tangu 1964. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park. Baadaye alikwenda Orchestra Safari Sound, kisha akarejea Msondo. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013, jambo lililogusa umma ni kwamba nusu karne ya kazi haikuwa imemwachia mali ya kusema nayo, na kijana wa Bongo Fleva, Diamond Platnumz, akamzawadia gari. Gurumo alifariki Aprili 2014. Tulimsifu aliyetoa, na alistahili sifa. Lakini wachache waliuliza swali la pili: kwa nini mzee aliyeliimbia taifa tangu 1964 alihitaji ukarimu wa kijana mmoja? Miaka michache baadaye Msondo walidai hadharani kwamba kionjo cha muziki wao kimetumiwa katika wimbo wa kundi la WCB la msanii huyohuyo. Sitaki kuamua mgogoro huo. Ninachokiona ni kwamba tulipokea habari ya zawadi kwa shangwe na habari ya dai kwa kejeli, kana kwamba mzee anapaswa kushukuru tu, asidai.

Mabishano mawili

Najua kuna watakaosema kwamba ladha imebadilika, Bongo Fleva inajitegemea, na si kazi ya serikali kufufua muziki ambao soko limeukataa. Jibu langu ni kwamba sijaomba ruzuku ya kufufua chochote. Nazungumzia malipo ya kitu ambacho soko linakitumia kila siku. Muziki uliokataliwa haupigwi redioni kila Jumapili, hauchukuliwi vionjo na wasanii wapya, na hauwekwi kwenye matangazo ya sherehe. Soko halijaukataa, limeuzoea bila kuulipia.

Wengine watasema bendi hizi si zilezile. Gurumo hayupo, TX Moshi William hayupo, Shaaban Dede hayupo. Waliopo wanatumia jina tu. Hoja hii inasahau namna muziki wetu unavyorithishwa. Hakuna anayesema ngoma ya unyago imekufa kwa kuwa manyakanga wa kwanza amezikwa. Bendi ya dansi ni chuo: kijana huingia kwa kuitikia, hukaa miaka pembeni ya mkongwe, ndipo hupewa kipaza sauti. Ndiyo maana mwimbaji aliyezaliwa baada ya wimbo kutungwa anaweza kuuimba leo na mzee akafumba macho. Chuo kisichopewa bajeti kinapoendelea kufundisha kwa miaka thelathini, tunapaswa kustaajabu, si kukikagua vyeti.

Nini kifanyike

Naona mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, stakabadhi. TBC, iliyorithi maktaba ya Redio Tanzania, ichapishe orodha kamili ya tepe za muziki ilizonazo: jina la wimbo, bendi, tarehe, mtunzi, na majina ya wapigaji kila yanapopatikana. Orodha haigharimu kama studio. Ikishakuwapo, wanamuziki na warithi wao wataweza kujitokeza na kusema "huyu ni mimi", "huyu ni marehemu baba". Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, iligawa mirabaha ya muziki uliopigwa redioni mwanzoni mwa mwaka 2022. Ilikuwa hatua ya kupongezwa. Lakini mirabaha humfikia aliyesajiliwa, na hawezi kusajiliwa asiyejulikana kwamba alipiga.

Pili, sheria. Wizara na Bunge wapitie kifungu cha miaka 50 kabla ya mwisho wa 2028. Kama Ulaya yenye mabingwa wa biashara ya muziki iliona miaka hiyo haitoshi kwa wanamuziki wake, sisi ambao hatukuwalipa kabisa katika sehemu kubwa ya miaka hiyo tuna sababu nzito zaidi.

Tatu, kazi. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya ndio wanaoandaa bajeti za sherehe. Nane Nane ya Kanda ya Kusini hufanyika hapa Lindi, viwanja vya Ngongo. Mei Mosi huzunguka mikoa kila mwaka. Je, kuna bendi inayostahili kuwa na nafasi ya kudumu katika Mei Mosi kuliko ile iliyozaliwa na NUTA? TUCTA ni mrithi wa historia hiyo. Mkataba wa mwaka kati ya bendi na taasisi kadhaa, wenye tarehe, malipo na usafiri ulioandikwa, ungezirudisha bendi barabarani na kuwawezesha wanamuziki kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii kama wafanyakazi wengine. Halmashauri zenye kumbi zinazofungwa usiku kucha zinaweza kuzifungua mara moja kwa msimu.

Nne, elimu. Vitabu vizito kuhusu muziki huu vimeandikwa na wasomi wa nje kama Kelly Askew na Alex Perullo, tena kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, kazi kubwa imefanywa na mwanamuziki John Kitime katika maandishi yake ya blogu. Wanafunzi wa historia, sheria, fasihi na sosholojia wana mada za tasnifu zinazotembea na kukohoa mitaani. Hapa Lindi wapo wazee waliopiga katika bendi za mji, za mashamba na za vijana wa TANU. Kila mmoja akizikwa bila kuulizwa, ukurasa mmoja wa stakabadhi huungua.

Wanaharakati nao wana nafasi yao. Tumezoea kuwatetea wasanii wanapofungiwa wimbo, na tunafanya vizuri. Lakini kuna namna nyingine ya kumnyamazisha msanii: kumwacha aimbe mpaka mwisho, kumpigia makofi, na kutomlipa.

Kwa hiyo atakayekuwa Dar es Salaam bango litakapotoka aende. Alipe kiingilio bila kutafuta mtu wa kumwingiza kwa mlango wa nyuma. Akitunza, atunze pia mpiga besi, maana hakuna anayemwona. Asubuhi akishaamka, amwandikie mbunge wake kuhusu mwaka 2028. Kukumbuka ni jambo jema, lakini dawa ya deni ni kulipa.